Bunduki ya begani, risasi ya kiunoni

Weka bunduki mbili mezani. Zote zina kitako cha kuegemeza begani, mtutu wa sentimita 40 hivi na uzito unaokaribia kilo tatu. Ya kwanza inatumia risasi ya raifo ya milimita 5.56, na kila kichwa cha risasi kinachotoka mdomoni mwake hubeba nishati ya jouli 1,600 na zaidi. Ya pili inatumia risasi ya milimita 9, ileile inayoingia kwenye bastola za polisi wa nchi nyingi, na nishati yake haizidi sana jouli 600. Kabatini zinachukua nafasi sawa. Mgongoni zinachosha sawa. Kwa nini basi mtu achague ile dhaifu?

Swali hili lina majibu ya kweli, na lina majibu ambayo hurudiwa dukani mpaka yakaonekana ya kweli. Mimi naiheshimu sana hii bunduki ya pili, karabini ya risasi za bastola. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiinunua kwa sababu ambayo yenyewe haiwezi kuitimiza, halafu wakaiuza baada ya miezi sita wakiilaumu.

Karabini ni bunduki fupi ya begani. Jina lilitokana na askari wa farasi, ambao bunduki ndefu ya askari wa miguu ilikuwa ikiwasumbua wakiwa juu ya tandiko. Kuilisha karabini kwa risasi za bastola nako ni jambo la zamani. Mwaka 1873 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa bunduki ya wenzo, yaani ambayo mpigaji huipakia kwa kusukuma na kuvuta wenzo kwa mkono, iliyotumia risasi iliyoitwa .44-40, na miaka michache baadaye Colt wakatoa rivolva inayokula risasi hiyohiyo. Aliyekuwa safarini, mbali na duka, alibeba mkoba mmoja wa risasi akalisha silaha mbili. Faida hiyo ingalipo, ila leo imehamia kwenye magazini, yaani kisanduku cha kuwekea risasi: Beretta Cx4 Storm ya mwaka 2003 hupokea magazini za bastola za Beretta, na Ruger PC Carbine iliyotoka mwishoni mwa 2017 huja na nafasi mbili za kubadilisha, moja ya magazini za Ruger na nyingine ya magazini za Glock. Mwenye bastola tayari ana magazini, ana risasi, na anajua risasi ipi hainasi.

Mtutu mrefu unaongeza nini

Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa hiyo tusiende mbio.

Kichwa cha risasi husukumwa na gesi ya baruti inayoungua. Maadamu gesi bado ina shinikizo na kichwa bado kimo ndani ya mtutu, kasi inapanda. Ikiisha nguvu, urefu unaobaki hauongezi kitu. Mtutu ukiwa mrefu kupita kiasi, msuguano huanza hata kupunguza kasi. Kwa hiyo faida ya mtutu mrefu inategemea kiasi cha baruti iliyomo kwenye ganda na kasi ya kuungua kwake. Risasi ya milimita 9 hubeba baruti kidogo sana, kama theluthi moja ya gramu, nayo ni ya kuungua haraka kwa sababu imetengenezewa mtutu wa sentimita 10. Kufikia sentimita 25 au 30, karibu kazi yote imekwisha. Kichwa cha gramu 8 kinachotoka kwenye bastola kwa mita 345 kwa sekunde hutoka kwenye karabini kwa mita 390 au 400. Si haba, lakini hakijawa risasi ya raifo. Raifo ya milimita 5.56 huchoma zaidi ya gramu moja na nusu ya baruti kurusha kichwa chepesi cha gramu tatu na nusu kwa zaidi ya mita 900 kwa sekunde.

Risasi nyingine ya bastola, .45 ACP, hufaidika kidogo kuliko hata hiyo: kichwa chake kizito cha gramu 15 huongezewa mita 20 au 30 kwa sekunde basi. Vichwa vizito vya milimita 9, vile vya gramu 9.5 vinavyotengenezwa makusudi visifikie kasi ya sauti, navyo havipati la kusimulia.

Inayobadilika kweli ni risasi ya rivolva ya .357 Magnum. Ganda lake ni refu, baruti yake ni nyingi na huungua polepole, hivyo rivolva ya mtutu wa sentimita 10 hutema nje sehemu ya nguvu yake kama mwali wa moto. Kichwa cha gramu 10 kinachotoka kwenye rivolva hiyo kwa mita 380 kwa sekunde hutoka kwenye karabini ya wenzo kwa mita 540 hivi, na nishati yake karibu inaongezeka maradufu. Ndugu yake mkubwa, .44 Magnum, hufuata njia hiyohiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema kwamba karabini huipa risasi ya bastola nguvu mpya, muulize kwanza ni risasi ipi. Kwa .357 yuko sahihi. Kwa .45 hayuko sahihi hata kidogo.

Bega ndilo unalolinunua

Kama si nguvu, ni nini? Ni shabaha.

Bastola hushikwa na mikono miwili tu, iliyonyooshwa mbele, mbali na mwili. Mtetemeko wa kidole, wa pumzi, wa woga, wote huishia mdomoni mwa mtutu. Umbali kati ya kilenzi cha mbele na cha nyuma ni sentimita 15 au 16, kwa hiyo kosa la unene wa ukucha linakuwa kosa la kiganja kizima kwenye shabaha iliyo mita 25. Wapo wanaoimudu bastola vizuri sana, na nawavulia kofia, lakini wengi wao wamelipa kwa maelfu ya risasi na miaka ya mazoezi.

Karabini ina mihimili minne: mkono wa kulia, mkono wa kushoto, bega na shavu. Mtu aliyeanza asubuhi, akafundishwa taratibu na mwalimu mvumilivu, mchana anaweza kuwa anapiga sahani ya chuma ya sentimita 20 kwa mita 50 bila kukosa sana. Kwa bastola, umbali huo huwatoa jasho hata wazoefu. Mwenye mikono midogo, mwenye vidole vyenye baridi yabisi, mzee ambaye nguvu ya kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola imemwisha, wote hawa hupata kwa karabini kitu ambacho bastola iliwanyima. Na kuna kioo cha nukta nyekundu, ambacho juu ya bunduki ya begani hakihitaji kutafutwa: ukiinua kitako mpaka shavuni, nukta ipo mbele ya jicho.

Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuinunua. Nishati ya risasi ni ya bastola, wepesi wa kulenga ni wa raifo. Anayehitaji kimoja tu kati ya hivyo viwili ana silaha nyingine inayomfaa zaidi.

Teke lisilotarajiwa

Mnunuzi wa mara ya kwanza hudhani kwamba risasi ndogo ndani ya bunduki nzito haiwezi kupiga teke. Halafu anafyatua, anashtuka: bunduki inaruka kuliko raifo ya milimita 5.56 ya jirani yake, yenye nishati mara mbili na nusu ya yake. Mshtuko huu una maelezo ya kimakanika, na ni vizuri kuyajua kabla ya kulipa.

Kwenye raifo nyingi za nusu-otomatiki, yaani zinazojipakia zenyewe na kutoa risasi moja kila zikifyatuliwa, bolti, yaani kile kipande kinachoziba chemba, hujifunga kwa meno. Gesi kidogo huchepushwa kutoka kwenye mtutu kuja kuyafungua meno hayo baada ya kichwa cha risasi kuondoka. Karabini nyingi za bei nafuu hazina kufuli. Bolti imezuiwa na uzito wake na springi peke yake. Risasi inapolipuka, ganda huisukuma bolti nyuma papo hapo, na kinachoizuia isifunguke mapema, wakati shinikizo bado ni la hatari, ni uzito. Ndiyo maana bolti ya milimita 9 ya aina hii hupita nusu kilo kwa urahisi, na kwa risasi kubwa zaidi huzidi hapo. Chuma hicho chote kinarudi nyuma, kinagonga mwisho wa njia yake, kisha kinarudi mbele na kugonga tena. Unachokisikia begani ni nyundo inayokwenda na kurudi, kuliko teke la risasi yenyewe.

Ufumbuzi upo. MP5 ya Ujerumani, iliyozaliwa miaka ya 1960 na baadaye ikaenea kwa vikosi maalumu, huichelewesha bolti kwa vigololi viwili vinavyobana kwenye kuta, ndiyo sababu bolti yake inaweza kuwa nyepesi na bunduki ikatulia mkononi. SIG MPX hutumia gesi na kufuli kama raifo. Ruger wao wameweka ndani ya bolti kipande cha tangsteni kinachoteleza, ili pigo la mwisho lisambae badala ya kuja kwa mkupuo. Bunduki za wenzo hazina shida hii kabisa, kwa kuwa mkono wa mpigaji ndio unaofanya kazi ya bolti. Bunduki zenye mifumo hii ya ucheleweshaji ni ghali zaidi, na kwa anayepiga risasi mia mbili kila wikendi nadhani tofauti hiyo ina thamani yake. Kwa anayepiga mara nne kwa mwaka, mfumo rahisi unamtosha. Una vipande vichache na ni vichache vya kuharibika. Asiache tu kuusafisha, kwa sababu bolti isiyofungwa hurudisha masizi mengi ndani, hasa ukiweka kiwambo cha sauti.

Umbali

Tukichukua karabini ya milimita 9 iliyorekebishwa ipige palepale inapolengwa kwa mita 50, kwa mita 100 risasi itaanguka chini ya ulipolenga kwa sentimita 15 hadi 20. Hilo linazoeleka. Kwa mita 200 anguko linapita mita moja, na upepo mdogo unaitupa risasi pembeni kwa kiasi ambacho huwezi kukikisia. Mita 100 ndiyo mipaka yake ya haki. Anayekuambia kwamba yake inapiga mita 200 pengine anasema kweli kuhusu karatasi kubwa na siku isiyo na upepo.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo wachache hulifikiria. Kioo cha kulengea kiko sentimita sita hivi juu ya mtutu. Kwa umbali wa chumba, mita tano, risasi bado haijapanda kufikia mstari wa jicho, kwa hiyo itapiga karibu sentimita tano chini ya nukta. Fanya mazoezi ya mita tano ulijue hilo kwa mikono yako.

Uwindaji nautaja kwa kifupi. Milimita 9 si risasi ya kuwindia mnyama mkubwa, na kumjeruhi mnyama akaenda kufia porini ni jambo baya. Karabini ya wenzo ya .357 kwa wanyama wa wastani, au .44 kwa wakubwa kidogo, msituni, chini ya mita 100, hiyo inafanya kazi yake vizuri na imefanya hivyo kwa vizazi.

Ukuta wa chumba cha watoto

Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa maana hapa uongo unaweza kuua mtu.

Husemwa kwamba kwa ulinzi wa nyumbani karabini ya milimita 9 ni salama kuliko raifo, kwani risasi ya bastola ni dhaifu na haitapenya ukuta. Inaonekana ni hesabu rahisi: nishati ndogo, upenyaji mdogo. Sivyo vitu vinavyokwenda. Kichwa cha milimita 9 ni kifupi, kinene na kizito kwa kasi yake. Kikigonga ukuta mwepesi wa jipsamu hakipasuki, hakipinduki. Kinatoboa na kuendelea, ukuta baada ya ukuta, na hata kile chenye tundu puani mara nyingi hujaa unga wa jipsamu, tundu likaziba, kikaendelea kama kichwa cha kawaida. Kichwa chepesi cha milimita 5.56, chenye kasi kubwa, huanza kuyumba na kupinduka kikigonga kitu, na aina nyingi zake huvunjika vipande. Katika majaribio ya kuta za ndani, risasi hizo nyepesi za raifo mara kwa mara hupoteza nguvu mapema kuliko za bastola.

Hii haina maana kwamba raifo ni salama ndani ya nyumba. Risasi yoyote inayoweza kumsimamisha mtu inaweza kupita kuta kadhaa nyepesi. Shirika la upelelezi la Marekani, FBI, linapopima risasi za maaskari wake hutaka zipenye jeli ya majaribio kati ya sentimita 30 na 46. Risasi yenye uwezo huo haitasimamishwa na jipsamu. Kinachomlinda mtoto aliyelala chumba cha pili ni mzazi kujua kitanda kiko wapi, kuchagua pembe ya kulengea kabla ya usiku huo kufika, na kutokosa. Katika kutokosa, karabini inasaidia kweli. Lakini mtu akiinunua kwa imani kwamba ukuta utamfanyia kazi hiyo, ameingiza hatari nyumbani akidhani ni kinga.

Nyongeza moja kuhusu risasi zenye tundu: zimeundwa zitanuke kwa kasi ya bastola. Karabini ikiziongeza kasi, baadhi hutanuka mapema mno na hazifiki kina kinachotakiwa. Chagua aina ambayo mtengenezaji ameipima kwenye mtutu mrefu.

Kelele, mfuko na sahani za chuma

Kwa masikio, karabini ina huruma kidogo. Baruti imeungua karibu yote ndani ya mtutu, hivyo mwali wa mdomoni ni mdogo na kishindo ni pungufu ya kile cha bastola, na kimepungua sana kuliko cha raifo fupi. Ukitumia vichwa vizito vinavyokwenda chini ya kasi ya sauti, mita 340 hivi kwa sekunde, pamoja na kiwambo pale sheria inapokiruhusu, unapata moja ya bunduki tulivu kuliko zote za risasi kubwa. Bila kiwambo bado inapita desibeli 140, kiwango ambacho mlio mmoja unaweza kuharibu sikio. Vaa kinga, kila mara.

Risasi za milimita 9 kwa kawaida ni rahisi kuliko za raifo, zinapatikana kwa wingi, na viwanja vingi vya ndani vinavyokataa risasi za raifo huzikubali. Haziharibu sahani za chuma za mazoezi kama zinavyoharibu 5.56, zinazochimba mashimo zikipigwa kwa karibu. Hii imeifanya karabini ipendwe na wanamashindano. Chama cha USPSA cha Marekani kiliifungulia daraja lake mwaka 2016, na wazee wengi waliokuwa wameacha mashindano ya bastola kwa sababu ya macho na viungo walirudi uwanjani.

Sheria inaweza kukunyang'anya

Karabini hukaa mpakani kati ya bastola na raifo, na sheria hazipendi vitu vya mpakani. Marekani, sheria ya taifa ya mwaka 1934 huweka masharti maalumu ya usajili kwa bunduki ya begani yenye mtutu chini ya inchi 16, na ndiyo maana karabini nyingi zina mtutu wa urefu huo hasa, hata kama risasi ya milimita 9 haina haja nao. Uingereza ilipiga marufuku raifo za nusu-otomatiki za risasi kubwa mwaka 1988, lakini mwenye cheti bado anaweza kumiliki ya wenzo ya .357. New Zealand ilibana nusu-otomatiki nyingi mwaka 2019. Mwezi Mei 2020 Kanada ilitangaza orodha ya silaha zilizopigwa marufuku, na ndani yake zilitajwa kwa majina CZ Scorpion EVO 3, Beretta Cx4 Storm na SIG MPX. Waliokuwa wamezinunua kihalali wiki iliyotangulia walijikuta na bunduki wasiyoruhusiwa kuipiga wala kuiuza. Kabla ya kuangalia chapa, soma sheria ya nchi yako neno kwa neno: nusu-otomatiki, urefu wa mtutu, idadi ya risasi kwenye magazini, na namna inavyotakiwa kufungiwa nyumbani.

Inamfaa nani

Kama una bastola tayari, unapiga uwanjani mara nyingi, na umbali wako ni chini ya mita 100, nunua kwa moyo mweupe, na ichukue ile inayokula magazini ulizonazo. Kama nyumbani kuna mtu anayeogopa bastola au asiyeweza kuivuta, mpeleke akajaribu hii kabla hujaamua chochote. Kama unaishi karibu na msitu na unataka bunduki moja ya kazi nyingi, nisingekutuma kwenye milimita 9 kamwe. Ningekupa ya wenzo ya.357, inayopiga pia risasi laini za .38 Special kwa mazoezi. Na kama unataka bunduki moja tu maishani, na sheria inakuruhusu raifo, nafikiri karabini ya bastola siyo hiyo.

Usinunue bila kuipiga. Omba au kodi bunduki mbili, karabini na raifo nyepesi, nenda nazo na risasi hasa utakazotumia. Piga magazini tano za kila moja kwa mita 5, 25 na 75, kwa kasi ya kawaida, bila kuegemea kitu. Angalia ganda linatoka upande gani na kama linagonga uso wa anayepiga kwa mkono wa kushoto. Angalia kama magazini inaingia hadi kufunga bila kulazimishwa, maana kwenye karabini za namna hii kukwama kwa risasi huanzia hapo mara nyingi. Kisha weka karatasi zote mezani, uzipange kwa umbali, uzihesabu.